Mtaa Uliokwanguliwa

Kwaru, kwaru, kwaru. Wembe juu ya kitambaa cha ramani, taratibu, kama kuku anayechakura sakafu ya saruji. Suhaib Salum akiulizwa kumbukumbu yake ya kwanza hapa duniani ni ipi, hataji uso wa mama yake wala adhana ya alfajiri. Hutaja sauti hiyo. Baba yake alikuwa mfuatishaji katika ofisi ya ramani ya serikali kule Tanga, tangu enzi za Mwingereza, na mara nyingine alirudi na kazi nyumbani. Mkono ukiteleza, wino haukufutwa kwa raba. Ulikwanguliwa kwa wembe.

Kazi yenyewe haiko tena, kwa hiyo yafaa kuieleza. Mhandisi alichora ramani kwa penseli kwenye karatasi. Mfuatishaji alitandika juu yake kitambaa chepesi cha pamba, kilichotiwa wanga mpaka kikaangaza kama kioo cha rangi ya buluu, kisha akaufuata kila mstari ulioonekana chini, kwa kalamu na wino mweusi. Kitambaa hicho ndicho kilichotolewa nakala, na nakala ndizo walizozisoma wakubwa. Mfuatishaji hakubuni kitu. Kilichokuwa chini alikileta juu, basi. Salum bin Ahmad alipenda kulisema jambo hilo, na kuna mwaka mmoja ambao alilisema mara nyingi kuliko miaka mingine yote.

Salum alikuwa wa shoto. Mwanawe alipofikisha miaka kumi na tisa akaingizwa katika ofisi ile ile, alifundishwa kila kitu kwa mkono wa kushoto, ingawa yeye mwenyewe alikuwa wa kulia, na ilimchukua mwaka mzima kujigeuza. Alijifunza kukwangua bila kutoboa, kupaka unga wa chaki mahali palipokwaruzika, kisha kupasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka palainike, asije mtu akajua kwamba hapo palikuwa na kitu.

Ofisi ilipokosa kazi, naye Suhaib akakosa. Mwaka 1996 alipanda mabasi matano kwenda kusini, akafika Johannesburg na mfuko mmoja. Alilinda magari ya watu, akauza mikanda nje ya Park Station, akabeba marobota ya nguo. Siku moja alisikia kwamba kuna karakana huko Newtown inayotengeneza ramani na michoro mikuukuu, na mwenyewe anatafuta mtu. Alipofika alipewa kipande cha kitambaa. Akakigusisha ncha ya ulimi, akasema, “Hiki kina wanga. Msikitie maji.” Aliajiriwa siku hiyo hiyo, na yupo mpaka leo, ana miaka sitini na miwili, koti la buluu, miwani miwili shingoni.

Anaishi Joubert Park, ghorofa ya nne, dirisha likitazama roboti, yaani taa ya njia panda, ambayo haijawaka tangu mwaka jana, na kila jioni huhesabu honi badala ya taa. Alioa Mzulu wa Orlando, mwanamke mcheshi aliyesilimu, aliyejifunza kupika wali wa nazi na hakuacha kuusema kuwa ni uji. Alifariki miaka sita iliyopita. Walijaliwa binti mmoja, Tabia, mwalimu wa chekechea, anayesikia kila neno la Kiswahili na kulijibu kwa Kiingereza.

Tabia ndiye aliyeposwa. Kijana ni wa watu wa Unguja walioko Mayfair, hana neno. Lakini katika ukoo wa bibi yake Tabia, yaani mama yake Suhaib, hina ya bibi arusi huanzwa na mwanamke mkubwa kuliko wote waliobaki upande huo. Huweka tone moja tu katikati ya kiganja, akasema maneno yake, ndipo wachoraji wakaendelea. Bila tone hilo arusi ni halali, hakuna shekhe atakayeipinga. Ila wanawake wa ukoo husema kwamba bibi arusi huyo ametolewa nyumbani kama mgeni. Na mwanamke mkubwa aliyebaki alikuwa mmoja, Masika, mdogo wake mama yake Suhaib, mwenye miaka sabini na tisa, akiishi Berea kwa bintiye Shufaa, mwendo wa robo saa kwa miguu. Miaka kumi na minne tangu aje mjini hapo, Masika hajala hata tonge nyumbani kwa Suhaib.

Sababu yake ni ya zamani, nayo ni hii.

Kaskazini ya Tanga pana mji mdogo unaoitwa Ras Chaza. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitaka kujaza kifusi kwenye matope ya bandari yake, ipate uwanja wa kushushia shehena za jeshi. Kando ya matope hayo, juu ya kilima, palikuwa na kambi ya mizinga na ghala ya baruti. Kanuni ya jeshi ilikuwa fupi: nyumba ya raia isiwepo ndani ya yadi mia nne za ghala. Na ndani ya yadi hizo palikuwa na mtaa wa nyumba kumi na moja, kisima na msikiti. Kama ramani ingeuonyesha mtaa huo, kamati ingeuliza watu wahamishiwe wapi, nani awape viwanja, lini, na mradi ungelala mwaka au miwili. Ramani iliyofika mbele ya kamati ilionyesha mikoko. Kamati haikuwa na swali. Wenye nyumba kumi na moja waliambiwa kwamba wamevamia ardhi ya serikali baada ya ramani kuchorwa, wakapewa siku ishirini na moja.

Siku ya kusomewa amri, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliitandaza nakala juu ya meza mbele ya wazee. Wengi hawakujua kusoma ramani, lakini mwandiko wa pembeni waliujua wote, maana ndio uliowaandikia barua zao miaka yote. Ulikuwa mwandiko wa Salum, mfuatishaji, aliyemwoa Zuhura, dada mkubwa wa Masika, binti wa mtaa huo, mwaka uliotangulia. Mkwe wao.

Salum aliapa. Alisema yeye hufuata kilicho chini, na chini hapakuwa na nyumba. Bwana Mhandisi aliyaacha matope matupu kwenye mchoro wake wa penseli. Hakuna aliyeweza kumkanusha, kwa kuwa karatasi ya penseli ilichomwa na kitambaa kilifungiwa kabatini. Zuhura alibaki na mumewe. Ndugu zake walimwachia huyo mume, wakakata mguu nyumbani kwake. Kifusi kilimwagwa misimu miwili, ukuta ukafika nusu, kisha jeshi likahamia kwingine na mradi ukasahauliwa. Pale mahali panaitwa Kifusini mpaka leo, na panaota magugu. Masika alikuwa na miaka tisa walipobomolewa.

Wiki tatu kabla ya arusi, Suhaib alipanda ngazi za Berea kwenda kualika rasmi.

“Hodi humu.”

“Karibu, mwana wa Salum,” Masika alijibu kutoka kwenye kochi. Hakuwahi kumwita mwanangu, ingawa kwa mila alikuwa hivyo hasa.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Lifti?”

“Mbovu.”

“Ghorofa saba kwa miguu. Basi umekuja kuniomba kitu. Kaa.”

“Mama, mwache anywe maji kwanza,” Shufaa alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, anamsuka, maana siku za Jumapili saluni yake huhamia sebuleni. Mteja, msichana wa Kikongo, alijifanya haelewi.

Suhaib alisema alichojia. Masika alisikiliza huku akikunja upande wa leso, akiukunjua.

“Tone la kwanza niweke mimi?”

“Nani mwingine, mama mdogo? Mama hayupo. Mama yake Tabia hayupo. Mmebaki nyinyi.”

“Mtoto yule nampenda. Ana pua ya dada yangu. Wewe je, baba yako alifuatisha au alifuta?”

“Alifuatisha. Alisema hivyo mpaka anakata roho.”

“Yeye alisema, nilimsikia. Nimekuuliza wewe.” Akatikisa kichwa. “Siku mtu wa nyumba ile atakaponiambia kweli kwa kinywa chake, nitakuja, na hina nitaileta mwenyewe. Kabla ya siku hiyo msinisumbue.”

“Wenye kujua wote wamekufa. Nitaijuaje kweli?”

“Hilo si langu. Shufaa, mpe maji, ana ngazi za kushuka.”

Suhaib alimwambia Tabia kwamba bibi bado hajaamua. Tabia alijibu, kwa Kiingereza, kwamba mtu asiyeamua kwa miaka kumi na minne ameshaamua.

Sasa, yule Bwana Mhandisi wa Ras Chaza alipostaafu alijichukulia ramani zake kabatini, na hakurudi Ulaya. Wengi wao walishuka kusini, na yeye alinunua nyumba Natal, akafia huko. Wajukuu wake walipokuja kulisafisha banda la nyuma walikuta mapipa ya bati yaliyojaa ramani, wakaipa maktaba moja. Maktaba ikazileta Newtown kupigwa picha. Hapakuwa na mwujiza wowote katika jambo hilo. Karakana za kazi hiyo ni mbili mjini, na ile nyingine ilikuwa imefungwa kwa matengenezo.

Mapipa yalifika Jumatatu ya wiki ya pili. Suhaib hutandua na kunyoosha; Marcellin, kijana wa Bukavu mwenye mabega ya mpiga makasia, ambaye humwita yaya, yaani kaka mkubwa, huendesha mashine ya picha. Siku mbili walipitia madaraja, mitaro, gereza, soko. Jumatano, baada ya chai, Suhaib alitandua kitambaa kirefu, akaona jina la Ras Chaza, akaona mstari wa pwani, kambi, ghala na duara la yadi mia nne. Ndani ya duara palikuwa na vialama vya mikoko vilivyopangwa vizuri mno. Kwenye kona, ndani ya kisanduku cha mfuatishaji, zilikuwapo herufi mbili.

“S.A.,” Marcellin alisoma begani kwake. “Iko nini? Afrika Kusini?”

“Baba yangu.”

“Eish, yaya. Baba yako alikuwa na nchi muzima?”

Suhaib hakucheka, na Marcellin akarudi kwenye mashine yake. Hapo hapo umeme ukakatwa, mgao wa saa nane, mashine ikazima, karakana ikawa na giza la mchana. Suhaib aliwasha tochi ya simu akailaza mezani ili aone pa kuwekea miwani. Mwanga ulitambaa juu ya kitambaa kutoka pembeni, chini chini, na mahali penye mikoko pakainuka vipele kama ngozi ya mkono kwenye baridi.

Alikaa. Akavaa miwani ya pili.

Pale palikuwa pamekwanguliwa. Wino ukikwanguliwa huondoka, lakini kalamu ya chuma huwa imeshaacha mfereji wake katika uzi, na mfereji hauondoki. Chini ya mikoko aliona miraba midogo, mmoja baada ya mwingine, akaihesabu kumi na moja. Aliona duara dogo. Aliona mraba mkubwa kidogo wenye kipembe upande mmoja, kama mihrabu. Kwa hiyo nyumba zilikuwapo kwenye karatasi ya penseli. Zilifuatishwa kwa wino, zikakauka, kisha mtu akazitoa na kupanda mikoko juu yake.

Marcellin alikuja na kikombe chake.

“Unatafuta nini apo, yaya? Tangu umeme iende uko umeinama kama unaswali.”

“Tazama. Weka jicho usawa wa meza.”

Marcellin aliinama. “Bantu walikuwa pale, watu,” alisema.

“Walikuwa.”

“Nani aliwatosha apo, nani aliwatoa?”

Suhaib alichukua wembe mkongwe kutoka kwenye kopo, akauweka mkono wa kulia, akaupitisha hewani juu ya kitambaa bila kukigusa. Mikwaruzo ilikuwa inalalia upande mwingine. Akauhamishia mkono wa kushoto. Wembe ukaenda sambamba na kila mkwaruzo kama mtoto anayepita njia ya shuleni. Alipapasa kwa kidole: laini. Chaki ilipakwa, kijiko kilisugua. Kazi safi kabisa. Ofisi nzima ya Tanga ilikuwa na mtu mmoja wa shoto, na mwingine alikuja baadaye, akafundishwa naye.

“Yeye,” alisema.

Akamsimulia Marcellin habari ya Masika, kwa kifupi, maana haikuwa siri ya kumficha mtu wa Bukavu. Marcellin alisikiliza akinywa chai ya baridi.

“Sasa sikiliza mie mudogo wako,” alisema mwishoni. “Ile mama anataka jibu. Mupe jibu. Sema uliona kitambaa kwa macho yako, kilikuwa kitupu tangu kuzaliwa. Nani atakupinga? Mie? Mie nimeona vumbi tu. Mutoto aolewe, bibi yake akiwa kando.”

“Na hii?”

“Mashine haina kuona mikwaruzo. Inapiga wino tu. Kesho tutairudisha ndani ya pipa, sharp, mambo kwisha.”

Ilikuwa kweli. Umeme uliporudi, Marcellin aliipiga picha ramani, na kwenye kioo cha kompyuta ilitokea mikoko mizuri juu ya matope matupu. Hakuna msomaji wa maktaba ile ambaye angeona zaidi. Suhaib aliikunja upya kwa mikono miwili. Kabla ya kuikunja alilaza tena tochi, akapiga picha moja kwa simu yake.

Siku tatu alikwenda na picha hiyo mfukoni. Alifanya kazi kama kawaida, akala kama kawaida. Ijumaa alimsikia Tabia akimwambia shoga yake kwa simu kwamba tone la kwanza ataweka mwenyewe, kwa nini isiwezekane, kiganja ni chake. Alicheka alipokuwa akisema, kisha akamwuliza shoga yake kama kuna bibi wa kuazima.

Jumapili Suhaib alipanda ngazi tena. Lifti ilikuwa imepona lakini hakuiamini. Shufaa alikuwa jikoni anaosha vyombo, mlango wazi, maji yakipiga beseni. Masika alikuwa peke yake kwenye kochi, akichambua mchele kwenye ungo.

“Mwana wa Salum. Wiki mbili tu, umerudi.”

“Nimeiona ramani, mama mdogo. Yenyewe, kitambaa. Imeletwa kazini kwetu.”

Mikono ya Masika ilisimama juu ya mchele.

Alimweleza alivyoiona, kwa mpangilio, kama anavyomweleza mwenye karakana. Kisha akatoa simu. “Nina picha yake. Shufaa anaweza kuikuza.”

“Picha ya nini? Mtaa ule naujua.” Masika alifumba macho. “Kisima. Ukitoka kisimani, kwa Mwanaidi muuza mihogo. Halafu kwa Bakari wa miguu. Halafu kwetu, nyumba ina baraza refu kuliko zote, baba alilijenga ili wageni wasigombane. Lipo?”

Suhaib alitazama simu. Kutoka kwenye duara dogo alihesabu mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbele ya ule wa tatu mfereji mmoja ulikwenda mrefu kupita ukuta wenyewe.

“Lipo.”

“Refu?”

“Limepita nyumba kwa pande zote mbili.”

“Eeh,” Masika alisema. Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa kwenye kisahani. Kisahani kililia. “Miaka sabini nimeambiwa nimezaliwa kwenye mikoko. Nilipotaka cheti, karani mmoja alinionyesha ramani, akaniuliza kama mimi ni kaa.”

Suhaib alitabasamu, lakini Masika hakutabasamu.

“Haya. Umeniambia nyumba zilikuwapo. Hukuniambia nilichokuuliza.”

“Wakati ule, mama mdogo, mfuatishaji alikuwa mtu mdogo sana. Labda Bwana Mhandisi alimsimamia kichwani. Labda alitishwa na watu wa kambi, maana mambo ya jeshi yalikuwa siri, mtu alifungwa kwa maneno. Na mama alikuwa mke mpya, kazi ikipotea—”

“Labda sikuiagiza.”

“Nasema tu kwamba pengine hakuwa na—”

“Suhaib.” Lilikuwa jina lake, na hakukumbuka kulisikia kutoka kinywa hicho. “Sikukuuliza kwa nini. Kwa nini ni yake, ataulizwa na aliyemwumba. Dada yangu alikaa naye miaka arobaini, akizaa, akipika, akinitumia salamu na vitenge, na katika barua zote zile halikuwamo neno hilo moja. Ningemsamehe kitambo. Sikuwa na kitu cha kusamehe, kwa sababu hapakufanywa kitu. Palikuwa na mikoko.”

Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

“Arusi ni siku gani?”

“Jumamosi hii. Hina ni Alhamisi.”

“Nina hina ya Tanga kwenye kabati, haijafunguliwa. Sasa nijibu.”

Jikoni maji yalikuwa bado yanapiga beseni, na Shufaa alikuwa akiimba wimbo wa redio asioujua maneno. Suhaib alilaza simu kifudifudi juu ya goti. Alitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto.

“Alifuta,” alisema, kwa sauti ndogo hata Masika alilazimika kuinama ili aipate. “Baba alizifuta nyumba zenu, mama mdogo.”